Fundi Mbaruku Aomba Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmeisikia leo kwa mjomba wenu, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Nanyi mnadhani ni maneno ya kumfukuzia mtu. Sivyo, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Kimbeni, ambacho mtu aliweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijafika utosini. Watu wake hawakuwa na mengi, lakini sifa yao moja ilivuka maji: walijua kumkirimu mgeni. Kwao mgeni hakuchota maji, hakuchanja kuni, hata kikombe alichonywea hakukiosha. Nyumba iliyomtia mgeni kazini ilisemwa miaka na miaka.

Mwaka mmoja, masika yakikaribia, alifika Fundi Mbaruku, mchongaji wa milango kutoka mjini. Kazi ya miaka thelathini ilikuwa imemkausha. Usingizi ulimkimbia, chakula hakikupita. Tabibu akamwambia aende mahali patulivu akapumzike mwezi mzima.

Kimbeni wageni walipokelewa kwa zamu, na zamu hiyo ilimwangukia Bi Mwatima. Alikuwa mjane, akiishi peke yake tangu bintiye aolewe ng'ambo. Hakunung'unika. Siku ya kwanza alimtandikia fundi kitanda cha kamba chini ya mvinje, upepo wa bahari ukimpepea. Akampikia wali na pweza wa nazi, akamwekea maji ya kuoga yenye asumini. Siku ya pili yakawa madafu, samaki wa kupaka na mikate ya kumimina. Yeye mwenyewe alikula muhogo wa kuchemsha jikoni, mlango ameurudisha.

Fundi alilala chali akitazama majani. Aliogelea, akatembea mchangani, akarudi, akalala tena. Raha hiyo alikuwa hajaionja maishani mwake. Usingizi, hata hivyo, haukuja.

Asubuhi ya tatu alizunguka nyuma ya nyumba, akaona mashamba. Ya majirani yote yalikuwa yamekwisha kulimwa, udongo mweusi umelala tayari kungoja mvua. Moja tu lilikuwa limejaa magugu hadi magotini.

"Bi Mwatima," aliuliza aliporudi, "lile shamba lenye magugu ni la nani?"

Bi Mwatima alikuwa akikuna nazi. Mkono ukasimama. "La mtu tu, Fundi. Uji wako unapoa."

"Ni lako."

Bi Mwatima alirudia kukuna nazi. Angesema nini? Mtama wa shamba lile ndio chakula chake cha mwaka. Peke yake alikuwa amechelewa kulianza, na tangu mgeni aingie hakuwa ameligusa. Kuomba msaada wa majirani kungekuwa sawa na kutangaza kwamba mgeni amemwelemea, na hilo asingelifanya hata kwa njaa.

"Nimekuwa mgeni siku mbili," Fundi Mbaruku akasema, "na sijapata kupokewa vile popote. Leo ni ya tatu. Nipe jembe."

"Nife kwanza!" Bi Mwatima aliinuka kwenye mbuzi, machicha yakamwagika. "Watu watanionaje? Na mikono yako hiyo, Fundi, iliyochonga milango ya majumba ya mawe, ikalime magugu yangu?"

"Dada yangu, nisikilize. Nikila wali wako huku shamba lako linakufa, nitakuwa nakula mtama wako wa mwaka ujao. Usinifanyie hivyo."

Bi Mwatima aliinama kuokota machicha. Tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyeliona shamba lile kisha akamwona na yeye. Machozi yakamlenga. Akaingia ndani, akarudi na majembe mawili.

Fundi hakujua kulima. Alipiga jembe kama apigavyo nyundo, likagonga jiwe, likaruka. Bi Mwatima alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akamwonyesha. Kabla ya adhuhuri viganja vya fundi vilikuwa vimetoka malengelenge, naye bado anasonga mbele, jasho linamtiririka.

Ndipo alipopita Mzee Makungu, mkuu wa kisiwa. Alisimama kama aliyeona maajabu.

"Mwatima! Umemlimisha mgeni? Umetuaibisha sote!"

Bi Mwatima aliinamisha kichwa. Lakini fundi alijinyoosha, akaegemea mpini.

"Mzee wangu, aliponipa wali alinipa heshima ya mgeni. Aliponipa jembe amenipa heshima ya mwenyeji. Ipi kubwa?"

 Mzee Makungu akayatazama magugu, akamtazama mjane ambaye yeye, jirani yake, hakumuuliza lolote. Akageuka akaenda zake. Baada ya kitambo alirudi na jembe lake begani, na nyuma yake watu saba.

Shamba liliisha siku ya nne. Siku ya sita mvua ilianguka, ikaukuta mtama umekwisha fukiwa. Na siku ile ya tatu, baada ya kula muhogo jikoni pamoja na mwenyeji wake, Fundi Mbaruku alijilaza chini ya mvinje, akakoroma mpaka alasiri. Bi Mwatima alizipitia nyumba zote za karibu akiwaomba majirani wasitwange, fundi asije akaamka.

Alikaa mwezi wake wote, akaondoka amenenepa. Kimbeni hawakuacha kuwakirimu wageni. Wali na pweza viliendelea, na kitanda kilitandikwa vilevile. Ila siku mbili zikipita na mgeni akawa amependwa, mwenyeji aliingia ndani akamtolea jembe, na mgeni aliyejua habari alilipokea kwa mikono miwili, akijua kwamba sasa ni wa nyumbani. Majirani walioona walisemezana kwa furaha: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.