Jiko la Pimbi na Kinywa cha Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakikaribishana na kusengenyana kama sisi, Pimbi alifinyanga jiko la udongo lisilo na mfano. Ukilitia vijiti viwili vitatu tu, maharage yanaiva kabla watoto hawajaanza kulia njaa. Pimbi alikuwa na watoto wengi, kwa hiyo alijua alichokuwa anakitafuta.

Siku zile Mfalme Simba alikuwa ametoa amri kwamba wabunifu wachanga wasaidiwe. Ikaundwa Idara ya Ubunifu wa Wadogo. Nia ilikuwa njema kabisa. Ila dirisha la kuwahudumia wadogo lilijengwa na Twiga, kwa kipimo cha Twiga. Na mshauri wa kuwatembelea wadogo majumbani mwao alikuwa Bi Kobe. Alitoka ofisini mahindi yanapandwa. Alipopiga hodi kwa Pimbi, mahindi yaleyale yalikwisha kuwa makande.

"Shikamoo, Bi Kobe! Karibu sana."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nipumue, nimekuja mbio."

Akaonja maharage, akafumba macho. "Mwanangu, jiko hili utaibiwa."

"Na nani?"

"Na yeyote mwenye pua. Una mpango gani?"

"Mpango? Nafinyanga, nachoma, nauza."

"Huo si mpango, huo ni uchovu. Sikiliza. Umbo la jiko kila mtu analiona, basi lipeleke dirishani liandikwe kwa jina lako. Lakini jinsi unavyochanganya udongo, nani anaiona? Hapo fumba mdomo."

"Na mtu akiniuliza?"

"Serikali haijatunga sheria ya kuwaambia wezi ukweli."

"Na akiniwahi dirishani?"

"Mkigombea, mtapika wote wawili mbele ya Mkurugenzi. Ambaye jiko lake litasimama mpaka maharage yaive, ndiye mwenye haki. Mwingine akilifinyanga tena, tanuri lake linavunjwa."

Pimbi akalitazama tanuri lake. Akawatazama wanawe, wamelala chali, matumbo yamejaa.

Bi Kobe akaaga, akaanza kurudi ofisini. Hajamaliza hata uwanja wa nyumba, huyo Fisi anaingia.

"Hodi, mdogo wangu! Harufu imenishika mkono ikanileta."

"Karibu, Kaka Fisi."

Fisi akala sahani ya kwanza, akala ya pili, akaramba na mwiko. Kisha akalizunguka jiko, anainama, anainuka, anapima kwa macho.

"Hii-hii-hii! Mwili mdogo, kazi kubwa! Udongo huu unauchanganya na nini?"

"Aa, kaka, hiyo ni siri ya nyumba."

"Mimi na wewe si nyumba moja? Ulipozaliwa huna mkia, nani alikucheka mbele za watu?"

"Ni wewe, kaka."

"Basi! Mwingine angekucheka kwa siri."

Pimbi akachungulia nje, kisha akamvuta sikio. "Mifupa," akanong'ona. "Itwange, uichanganye na udongo nusu kwa nusu. Na mafuta kidogo."

Gubu! Fisi akameza mate. "Mifupa?"

"Yenye uboho ndiyo bora."

Fisi akaondoka bila kuaga. Nyumbani akakusanya mifupa, akaanza kutwanga. Tu! Tu! Tu! Lo, kazi ilikuwa na mateso! Mikono inatwanga, ulimi unachungulia kinuni. Mwishowe akajifunga kinywa kwa kamba ya mkonge, akatwanga huku machozi yanamtoka. Jiko likapatikana, kwa umbo ni pacha wa lile la Pimbi. Akatimua mbio dirishani, fyuu!

Pimbi alipofika, Fisi alikwisha kutangulia, naye ilibidi arukeruke chini ya dirisha na jiko lake kichwani.

"Nani anagonga ukuta?" aliuliza Twiga, karani.

"Mimi! Nimekuja dirisha la wadogo!"

"Simama nikuone."

"Nimesimama!"

Twiga akatoa shingo nje, akaishusha, akaishusha tena. "Ala! Majiko mawili, umbo moja! Mheshimiwa Mkurugenzi, njoo uone!"

Mkurugenzi alikuwa Kifaru. Haoni mbali, lakini anaupenda utaratibu kuliko majani mabichi. "Wapike," akasema. "Mwombaji wa kwanza, eleza jiko lako."

"Mmm! Mm-mmm!" alijibu Fisi, kamba bado iko kinywani.

Pimbi akainamisha kichwa kwa adabu. "Mheshimiwa, sisi wadogo hatujui mambo ya ofisi. Hivi utaratibu unasemaje?"

"Utaratibu," Kifaru akanguruma, "unasema mwombaji ajieleze kwa kinywa chake mwenyewe. Fungua!"

Fisi akatikisa kichwa. Twiga akaishusha shingo, akaifungua kamba kwa meno.

Moto ukawashwa. Vyungu vikatelekwa. Udongo wa Fisi ukapata joto, na harufu ya mifupa iliyochomwa ikapanda taratibu, tamu, nene.

"Jiko hili... ee... nimelibuni mimi," Fisi alianza. Ulimi ukatoka, ukapita kwenye ukingo. Lap!

"Unafanya nini?" aliuliza Twiga.

"Nafuta vumbi."

Lap! Lap! Kacha!

"Na sasa?"

"Nasawazisha ukingo. Ulikuwa... mm... ulikuwa juu kidogo."

"Kaka Fisi, jikaze," Pimbi alisema kwa huruma ya kweli. "Maharage hayajachemka."

"Najikaza, mdogo wangu, najikaza!" Kacha! Kacha-kacha-kacha! Chungu kikaanguka, puu! Maji yakazima moto, pshhh! Fisi hakugeuka. Alikula kuta, akala mlango, akamalizia na majivu.

"Mheshimiwa," Twiga akauliza, "niandike nini? Kwamba jiko la mwombaji limevunjika?"

"Vipande viko wapi?"

"Viko ndani ya mwombaji."

Kifaru akafikiri sana, maana utaratibu haukulitaja jambo hilo. Kando yake, chungu cha Pimbi kikaanza kuimba: toko-toko-toko. Jiko likasimama kama mlima mpaka maharage yakaiva. Basi Kifaru akagonga mhuri, pwa! Jiko likaandikwa kwa jina la Pimbi, tanuri likapona.

"Kaka, karibu maharage," alisema Pimbi.

"Ahsante, mdogo wangu," Fisi alijibu akicheua. "Leo nimeshiba jasho langu mwenyewe."

Ndipo Bi Kobe alipoingia getini, anahema. "Jamani, nimechelewa?"

"Hata kidogo, Bi Kobe," Pimbi akampakulia wa kwanza. "Ndiyo kwanza yameiva."

Na udongo ule, Pimbi aliuchanganya na nini hasa? Msiniulize, wanangu. Sikuambiwa, na hata ningeambiwa, ninyi msingeambiwa.

Cha kuonyesha kionyeshe mapema. Cha kuficha kifiche hata kwa anayekuita ndugu.