Njia ya Kwenda Pasipo na Kitu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na vichaka, vikafyekwa. Pakawa na nini tena?

Pakawa na hoteli.

Na wageni?

Wakaja, wakajaa.

Na wenyeji je?

Walikuwapo, wanatembea kwa miguu.

Basi sogeeni karibu, niwasimulie.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali sana, palikuwa na mji wa wanyama uitwao Majimoto. Kilikuwa kijiji tu, mpaka korongo wa kaskazini waliposikia habari za chemchemi yake ya maji ya moto. Wakaja. Mwaka uliofuata wakaja wengi zaidi. Mtaniuliza, korongo ana mbawa, abebwe ya nini? Nami nawajibu: mgeni akiwa likizo hataki kuchoka. Alitua ziwani, akapanda mgongo wa Kiboko, akapelekwa chemchemini puu, puu, puu, na nauli yake ilikuwa tikiti maji. Kazi hiyo Kiboko aliifanya peke yake. Mwingine akijaribu kubeba mgeni, Kiboko alimkalia.

Juu mlimani, kwenye mawe, aliishi Pimbi, mdogo wa mwili, mwingi wa maneno. Jirani yake alikuwa Bibi Kobe. Pimbi alipokuwa mchanga, tai alimchukua mama yake, na Bibi Kobe ndiye aliyemficha mtoto chini ya kifua chake mpaka tai akachoka kuzunguka. Akamlea. Kila Pimbi aliposhiba, alisema moyoni: asante, Bibi.

Sasa magoti ya Bibi yalikuwa yamekakamaa, na dawa yake ilikuwa maji ya moto. Lakini kwa mwendo wake, akitoka asubuhi alifika chemchemini jua likizama. Mara ya mwisho aliishia katikati ya njia, akageuza.

"Mjukuu wangu," alisema, "nadhani maji yale nimeshayaaga."

Maneno hayo yalimchoma Pimbi. Akaapa kwamba Bibi ataoga.

Siku hizo hizo mji uliitisha mkutano wa kupanga usafiri wa miaka ijayo. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, maana kiti kilimwenea yeye tu. Akachora mstari matopeni kwa kidole cha mguu.

"Kituo cha kwanza, kwa Kiboko," alisema. "Kituo cha pili, kwa Kiboko. Mwisho wa safari, kwa Kiboko. Kuna swali?"

Pimbi akanyoosha mkono. "Shikamoo, Mzee. Na mlimani je?"

"Marahaba. Mlimani kuna nani?"

"Yuko Bibi Kobe."

"Ana tikiti?"

"Hana, Mzee."

"Basi mlima haumo kwenye mpango."

Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Pimbi naye akapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote.

Asubuhi akaenda ziwani, akasimama mahali ambapo korongo wote wangemsikia.

"Mzee Kiboko, nimekuja kukushukuru," alisema. "Umefanya vizuri kuukataa mlima. Wageni wasifike kule kabisa."

Shingo moja ikainuka. Shingo ya pili ikainuka. Zikainuka zote.

"Kule kuna nini?" akauliza Korongo mmoja.

"Hakuna kitu," Pimbi akajibu.

"Hakuna kitu gani?"

"Hakuna kitu kabisa."

Wala hakusema uongo. Mlimani kulikuwa na mawe, upepo, na Bibi Kobe. Lakini Korongo akaguna. "Mimi nimezunguka dunia nzima, kila nilikopelekwa kulikuwa na kitu. Nipeleke huko. Nitatoa tikiti mbili."

Kiboko aliposikia mbili, aliusahau mstari wake. Akapanda mlima puu, puu, puu, akivunja vichaka kushoto na kulia. Bibi Kobe akawakaribisha wote wawili, akawapa maji ya kunywa, wakakaa. Upepo ukavuma vuuu. Hakuna aliyeuza chochote. Korongo akafuta machozi.

"Kweli hakuna kitu," alisema. "Asante sana, Bibi."

Kesho yake korongo wote walitaka kwenda. Ila kurudi waliruka wenyewe, maana mteremko hauna kazi, na Kiboko akashuka mgongo mtupu. Akateleza, akabingirika, gubu gubu gubu, mpaka chini.

"Pole, Mzee," Pimbi akamwambia. "Unahitaji kitu kizito mgongoni kikutulize. Mchukue Bibi Kobe, yule ni jiwe. Akibaki mgongoni wakati wa kupanda, atawazuia wageni wasiporomoke nyuma."

"Wazo hilo nilikuwa nalo," Kiboko akasema.

Basi Bibi akashuka kila siku, akaoga, akapanda. Magoti yakalegea. Lakini Pimbi hakuwa na raha, kwani alijua korongo wataondoka.

Wakaondoka kweli. Asubuhi ile Pimbi aliketi mlangoni kwa Bibi, akitafuta namna ya kumwambia kwamba Kiboko haji tena. Mara akasikia puu, puu, puu. Kiboko akatokea, akasimama, akatazama huku na huku.

"Nimefuata nini huku?"

Mnamjua Kiboko, miguu yake ikizoea njia haimwulizi mwenyewe.

"Umekuja kukagua mpango wako, Mzee," akasema Pimbi.

"Ndiyo. Mpango wangu."

Bibi akapanda. Njiani Digidigi na mwanawe walikuwa wakingoja, nao wakapanda. "Asante, Mzee," wakasema. Kiboko akasimama ghafla. Wageni walimpa tikiti, lakini neno hilo hakuwahi kupewa na mtu.

"Semeni tena," akasema.

Wakasema tena. Akaenda taratibu, asiwatikise.

Chemchemini Bibi akatumbukiza miguu, akafumba macho. "Mungu ambariki Kiboko," alisema. "Na wewe, mjukuu wangu, umeshakula?"

"Nimeshiba, Bibi," Pimbi akajibu, na siku hiyo neno la moyoni likamtoka mdomoni: "Asante, Bibi."

Funzo lake, wanangu, ni hili: mipango ya mji waachieni wenye miili, nanyi wadogo mkae kimya mkutanoni. Asiyeamini amuulize Kiboko. Hadi leo anasimulia alivyougundua mlima.

Hadithi yangu imefika kituoni. Wa kushuka ashuke, wa kupanda apande, na aliyenibeba kwa masikio yake, asante.