Fremu Moja, Majina Matatu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, katika mji wa Kibirini palikuwa na nyumba ya vyumba sita nyuma ya mtaa wa biashara. Mwenye nyumba alikuwa Bi Sihaba, mjane. Vyumba vitano alipangisha, kimoja akalala mwenyewe. Choo kilikuwa kimoja, cha shimo, na kila masika kilifurika mpaka koridoni. Mwenye zamu ya kufagia siku hiyo alilia, na wenzake walimcheka, huku wakihesabu zamu yao iko lini.

Maji hayo yalifika hata madukani mbele. Baraza la mji likaamua: kila mwenye duka atoe tozo, na tozo hiyo ijenge mtaro mbele ya maduka.

Mwasiti, mpangaji aliyeshona nguo barazani kwa Bi Sihaba, akaenda kikaoni. Akasimama, akasema, "Waheshimiwa, maji yanayowasumbua mbele yanatoka nyuma, kwetu. Mkijenga mbele tu, mtakuwa mnadeki huku bomba linamwaga."

Mwenye duka mmoja akamjibu, "Wewe dada tozo hulipi, halafu unatupangia?"

"Silipi, kaka. Ila dukani kwako naingia na miguu hiihii inayotoka koridoni kwetu."

Ukumbi ukacheka, madiwani wakacheka, na mtaro ukapitishwa nyuma.

Mtaro ukawepo, lakini mahali pa kujenga choo cha maji na bafu hapakuwepo. Bi Sihaba hakumfukuza mpangaji. Alikitoa chumba chake mwenyewe, akahamishia kitanda koridoni, nyuma ya pazia.

Mahali pakawepo, lakini fundi hakuwepo. Mkwavi, mwashi, mpangaji wa chumba cha pili, kila alipotoka kazini alishika mwiko akajenga. Sakafu ya kwanza aliilaza vibaya, na maji ya kuoga yakamfuata Bi Sihaba kitandani. Bibi akasema tu, "Mwanangu, leo nimetawadha kabla sijaamka." Mkwavi akaivunja sakafu yote, akaimwaga upya, mgongo ukimuuma.

Masika yakaja, mvua ikapiga wiki tatu. Koridoni pakavu.

Baraza likafurahi. Likatangaza fremu moja mpya ya soko, yaani chumba cha duka, mwaka mzima bila kodi ya pango, kwa mtu aliyeifanya nyumba ile ikalike. Jina moja tu, kwa kuwa fremu za kushirikiana zilikwisha kuleta ugomvi. Jina lisipoandikwa siku ileile kabla ofisi haijafungwa, fremu ingekwenda mtaa mwingine.

Na wote watatu waliihitaji. Vitambaa vya wateja wa Mwasiti vililowa barazani. Mkwavi alitaka kuuza misumari na rangi, maana mgongo ulikwisha kuchoka. Bi Sihaba, mwenye nyumba, hakuwa na chumba, na faida ya duka ingemjengea kingine.

Wakafika kwa karani wa baraza pamoja.

Mkwavi akasema, "Andika Mwasiti. Bila mtaro, ningejenga bwawa. Mimi hata kusimama mbele ya diwani naona haya."

Mwasiti akasema, "Usimsikilize, karani. Maneno hayalali koridoni. Andika Bi Sihaba. Wenye nyumba wangapi wamewapa wapangaji chumba chao?"

Bi Sihaba akavuta kanga yake, akasema, "Nyinyi watoto wabishi. Mimi nilitoa kuta nne tu. Huyu Mkwavi alijenga mara mbili katika nyumba isiyo yake, na nilipomuuliza ujira akaomba chai. Andika Mkwavi."

"Chai yenyewe ilikuwa na tangawizi," akasema Mkwavi.

Karani akacheka mpaka akafuta macho. "Miaka yote nimekaa hapa, watu wanagombea vyao. Leo nyinyi mnagombana kwa kushukuriana." Akainama juu ya karatasi. Nafasi ilikuwa moja, na mlinzi alikwisha kuanza kufunga madirisha.

Basi enyi mnaonisikiliza, kalamu nawaachia nyinyi: aliyesema, aliyetoa, na aliyejenga. Je, ni nani aliyeistahili fremu ile?