Kodi ya Tende Mbichi

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi kuliko msimulizi yeyote, ya kwamba hapo kale katika bonde la Wadi Rummana aliishi mja mwema aitwaye Rafii bin Ausi, mkulima wa mitende. Hakuwa tajiri, wala hakuwa wa kuombaomba. Alikuwa na shamba alilorithi kwa babaye, na mke mchamungu, Raihana binti Sahli, na kifua kibovu kilichomsumbua kila baridi ilipoingia. Hawakujaaliwa watoto. Majirani walisema Rafii aliipenda mitende yake kama mtu apendavyo wanawe, naye akicheka na kusema, "Hawa wanangu angalau hawanijibu jeuri."

Katika bonde hilo alikuwako amili, yaani mkusanyaji wa kharaji, ile kodi ya ardhi iliyokuwa ikipelekwa kwa liwali. Jina lake Abdulmuhsin bin Wardani. Alikuwa mtu wa swala na saumu, hali rushwa, hapokei zawadi hata ya bakuli la maziwa, na siku alipokabidhiwa kazi ile alilia kwa khofu ya hesabu ya Akhera. Sikilizeni basi, ndugu zangu, jinsi mtu wa namna hiyo naye alivyoingia katika dhulma asijue.

Kharaji ilikuwa ikilipwa mwezi wa Muharram. Walioiweka amri hiyo hawakukosea, kwa maana katika zama zao Muharram iliangukia baada ya mavuno. Lakini miezi yetu hufuata mwandamo, na kila mwaka hutangulia kidogo mbele ya majira ya jua. Miaka ikapita, makarani wakafa wakaja wengine, hata Muharram ikawa yaingia wakati tende zingali changa juu ya miti, za kijani, chungu mdomoni. Amri ikabaki vilevile. Hapakuwa na mkulima asiyejua kuwa wakati umeharibika, na hapakuwa na mkulima aliyeulizwa.

Watu wakafanya nini? Waliwaendea walanguzi, wakawauzia tende zikiwa bado mtini, kwa nusu ya thamani yake au chini ya hapo, ili wapate cha kumpa amili. Mavuno yakifika, walanguzi huja na ngamia wao wakachukua kila kitu, na mwenye shamba akabaki kufagia makuti.

Rafii hakuuza tende mbichi hata mara moja. Mwaka mmoja aliuza ng'ombe. Mwaka uliofuata Raihana alivua bangili zake za fedha akampa auze. Kisha ikaja Muharram ambayo nyumbani mwao hamkubaki cha kuuza.

Abdulmuhsin alipofika mlangoni, Rafii alimpokea kwa salamu, akamkaribisha kwenye mkeka, akamwambia:

"Ewe amili wetu, mimi sikatai haki ya hazina. Ila mali yangu bado iko juu ya mti. Nipe muda ziive, nitakulipa mpaka dirhamu ya mwisho."

"Ziuze kama wenzako walivyouza," alisema Abdulmuhsin. "Walanguzi wako sokoni."

"Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, amekataza kuuza matunda kabla kuiva kwake hakujadhihirika. Wenzangu wamelazimika, nami siwahukumu. Lakini mimi nimeulizwa na nafsi yangu, na jibu langu ni hilo."

Abdulmuhsin akainamisha kichwa. Hadithi ile aliijua; alikuwa ameisoma tangu utoto wake. Akasema, "Rafii, muda si wangu kuutoa. Amri yasema mwenye kuchelewa azuiwe mpaka alipe."

"Basi tekeleza amri yako," akasema Rafii, akaamka kutafuta viatu vyake.

Ndivyo alivyoingia gerezani, akakaa na wengine waliochelewa kama yeye. Raihana akabaki na shamba peke yake. Asubuhi alikuwa akifungulia maji mifereji, kisha akiosha miguu yake yenye tope na kumpelekea mumewe mkate na supu ya adesi. Baridi ya mwaka ule ilichelewa kuondoka, na chumba cha gereza kilikuwa na unyevu. Kikohozi kikamshika Rafii.

Siku moja baada ya swala ya Ijumaa, Abdulmuhsin alimwendea gerezani, akamkuta ameegemea ukuta, pumzi zikimwia nzito. Moyo wake ukamwuma. Akasema, "Ndugu yangu, nitakulipia kutoka katika mali yangu mwenyewe. Nenda kwako leo hii."

Rafii akamshukuru, akamwombea baraka, kisha akatikisa kichwa. "Ukinilipia mimi, jirani yangu utamlipia? Na mjane wa kule juu ya mfereji? Na mwakani utatulipia sote? Ukitaka kunitendea wema, nenda kwa liwali. Mwambie atuite atuulize. Mimi nina subira ya kungoja."

Abdulmuhsin akaondoka asubuhi yake kuelekea mji wa liwali. Na hapa, ndugu zangu, ndipo alipokosea kosa aliloliita yeye mwenyewe baadaye kuwa kubwa kuliko yote: hakumfungulia mgonjwa yule mlango. Alikhofu kuambiwa kuwa ameivunja amri kabla hajaomba ibadilishwe.

Liwali, Amiri Humaidi, hakuwa mtu mwovu. Alikuwa amezungukwa tu na watu wasiolima. Alimsikiliza amili wake, kisha akatabasamu. "Wakulima ni mafundi wa udhuru, ewe Abdulmuhsin. Ukiwauliza lini wanataka kulipa, watakwambia Siku ya Kiyama."

"Ewe Amiri," akajibu Abdulmuhsin, "tuliwauliza lini, hata tukajua kuwa hilo ndilo jibu lao?"

Liwali akamtazama mweka hazina wake, mzee Lubaidi, naye Lubaidi akatazama chini. Hatimaye Amiri akasema, "Nitakuja mwenyewe Wadi Rummana. Waite wakulima. Waite na wafanyabiashara, na wenye misafara, na kadhi, na kila ambaye kharaji inamgusa japo hana kiti katika baraza langu. Na wanawake walioachiwa mashamba, nao waje."

Abdulmuhsin akarudi na bishara hiyo. Akaipeleka gerezani kwanza. Rafii alikuwa amelala chini ya blanketi, sauti imemkauka, lakini macho yake yakang'aa. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwambie Raihana aseme kwa niaba yangu. Yeye husema vizuri kuliko mimi."

Siku ya baraza ikafika. Watu wakajaa katika ua wa msikiti wa ijumaa, wakulima na mikono yao iliyochubuka, wapima mizani, walanguzi waliokaa pembeni wakiona haya, na Dhamra, kiongozi wa misafara ya ngamia. Liwali alikuwa hajaingia bado, mlinzi wa gereza alipokuja mbio akamshika Abdulmuhsin mkono, akamnong'oneza kuwa Rafii bin Ausi amefariki alfajiri hiyo.

Karani wa amili alisikia. Akamvuta bwana wake kando, akasema, "Usimwambie mkewe sasa. Mfiche habari mpaka liwali atie muhuri. Mama yule akilia humu ndani, watu watapandwa na hasira, liwali ataondoka, na jambo lote litaharibika. Rafii hatafufuka kwa wewe kusema."

Na maneno ya karani hayakuwa ya kipumbavu. Abdulmuhsin aliyapima moyoni, akaona kuwa huenda baraza likavunjika kweli. Kisha akasema, "Nimemzuia mume wake. Niuzuie na msiba wake pia?"

Akamwendea Raihana alipokuwa ameketi na wanawake wenzake. Akapiga magoti mbele yake, yeye amili wa liwali, watu wote wakiona.

"Mama," akasema, "Rafii amerejea kwa Mola wake."

Raihana hakupiga ukelele. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Kisha akauliza, "Alikuwa na nani?"

"Na mlinzi wa gereza."

"Alipewa maji?"

"Sijui, mama."

Akajifunika uso kwa ushungi wake. Wanawake wakamkumbatia, na minong'ono ikaenea uani, wanaume wakaanza kusimama. Hapo ndipo liwali alipoingia, akahisi kuna jambo, akauliza. Abdulmuhsin akamweleza kila kitu, pamoja na khofu yake mwenyewe, wala hakujisitiri kwa neno hata moja. Kijana mmoja mkulima akapaza sauti, "Basi tunakaa kuzungumza nini?" na wengine wakamwitikia. Baraza lilikuwa karibu kuvunjika.

Raihana ndiye aliyelishika. Aliinuka akiwa ameegemea bega la jirani yake, akasema:

"Kaeni. Alingojea siku hii."

Wakakaa. Akamgeukia liwali.

"Ewe Amiri, mimi sijui mambo ya hazina. Ninachokijua ni kuwa mume wangu hakukataa kulipa. Aliomba muda tende ziive, na tende zitaiva. Yeye ndiye hatakuwapo. Waulize hawa walioko nyuma yangu, kila mmoja ana lake la kukwambia. Na ukishawasikiliza, usiseme umekwisha kujua. Mwakani huenda wakaja nzige, huenda mto ukakauka. Waulize tena." Akatazama chini. "Nipe ruhusa sasa nikamwoshe maiti wangu."

Liwali akasimama kwa heshima mpaka alipotoka. Wasimulizi wanasema hakukaa tena mpaka baraza likamalizika.

Wakasema watu, mmoja mmoja, na si wote walikubaliana. Wakulima walitaka kharaji ingoje hadi tende ziuzwe. Dhamra akasema misafara ya wanunuzi hufika mwishoni mwa kiangazi, na kabla ya hapo hakuna fedha bondeni hata ukilichimbua. Mzee Lubaidi naye akasema kweli yake: askari wa mpakani wana watoto, nao hungoja posho; hazina ikikaa tupu mwaka mzima, watakula nini? Wakulima hawakuwa wamelifikiria hilo. Kisha mlanguzi mmoja, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, akasema kuwa wenye ngano huvuna mapema kuliko wenye mitende, basi wa ngano walipe kwa ngano, na wa mitende walipe kwa tende. Wakabishana, wakarekebisha, wakakubaliana. Kadhi akabainisha kuwa saumu na hija hufuata mwezi kama Mola alivyoamuru, bali kharaji ni jambo la watu, nayo yafaa ifuate mavuno yao. Liwali akatia muhuri, na milango ya gereza ikafunguliwa.

Walipomzika Rafii alasiri ile, waliotoka gerezani ndio waliobeba jeneza.

Tende zikaiva. Abdulmuhsin akazunguka bonde kwa wakati mpya uliowekwa, na kwa mara ya kwanza hakuona mtu akijificha. Alipofika kwa Raihana, alimkuta ameketi barazani, vikapu vya tende za kharaji vimejaa, na fedha ya deni la mumewe la Muharram tayari ndani ya kitambaa. Amili akasema aliyefia gerezani hadaiwi tena, liwali amesamehe. Raihana akamsukumia kitambaa kile.

"Aliahidi kulipa," akasema. "Usimfanye mwongo."

Abdulmuhsin akakipokea. Akasema, "Mama, ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nilikikhofia cheo changu, nami nikaiita khofu hiyo khofu ya kuvunja amri. Nisamehe."

Raihana alimtazama, macho yake yamejaa machozi.

"Haki yangu mimi nimekusamehe, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akajibu. "Haki ya Rafii iko kwa Rafii. Utakutana naye."

Inasemekana amili yule aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mwaka kabla ya kharaji alikuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza watu hali za mashamba yao. Watu wakampenda. Lakini akisikia mtu akimsifu, alikuwa akilia, akisema, "Niombeeni niwe nimesamehewa pale ambapo sijajibiwa."

Ndugu zangu, mtu huyu hakuiba, hakula rushwa, wala hakuacha swala. Alichokosa ni kuuliza, na alipouliza, mmoja alikuwa amekwisha ondoka. Kila mwenye kumtwika mwenziwe mzigo, hata kama ni mzigo wa haki, na amwulize kwanza bega lake li hali gani. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa wakingoja kuulizwa, na atuafu sisi tuliochelewa. Amin.