Gari la Hoza Lililovuta Kushoto

Haya, sogeeni, na mwenye muwa mdomoni autafune polepole, maana leo sitaki kurudia neno. Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura na fisi, ni zamani hizi ambazo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemhosi. Na katika kijiji hicho palikuwa na gari moja tu, pikapu ya kijani, mali ya mtu mmoja aitwaye Hoza.

Gari lile lilikuwa na tabia yake. Ukilielekeza mbele, linakwenda kushoto. Ukilisihi, linakwenda kushoto. Ukiachia usukani upige chafya, ukifumbua macho umo ndani ya muhogo wa watu. Lakini Hoza alilizoea kama mtu anavyozoea kelele za mke mwenza. Aliendesha huku mkono wake unavuta kulia muda wote, na kwa kuvuta kulia ndipo gari likaenda moja kwa moja. Miaka ikapita hivyo, mpaka bega lake la kulia likanenepa kuliko la kushoto, na hata akitembea kwa miguu alikuwa anapinda kidogo upande wa kulia, watu wakawa wanampisha. Mwingine yeyote hakuweza kuliendesha gari lile. Waliojaribu tuliwatoa mtaroni.

Na Hoza alikuwa mtu wa watu. Mke wa Semkiwa aliposhikwa na uchungu, nani alimkimbiza hospitali? Hoza. Mama yake Kitojo alipofia mjini, nani alimrudisha akazikwe kwao? Hoza. Mbaruku aliposhikwa na ngiri, akawa analia mpaka mbuzi wanamwitikia, nani alimbeba? Hoza huyo huyo. Maharusi wa kijiji kizima walipanda gari la Hoza, na yeye umri ukamsonga, hana mke, anawapeleka wenzake tu.

Basi siku ya siku Hoza akampenda Mwantumu, na Mwantumu akampenda Hoza. Tatizo likawa baba mdogo wa Mwantumu, Mzee Singano. Baba mzazi alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mwenye idhini ya kuozesha alikuwa Singano. Na Singano, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa kutafuta unywele ndani ya uji. Alisema hamtaki Hoza. Alipoulizwa sababu, alisema mtu aliyeshindwa kulinyoosha gari lake ataishindwa nyumba. Gari linakwenda kombo kila siku na mwenyewe anacheka tu, je, mke akienda kombo itakuwaje?

Wazee walimbembeleza. Shangazi za Hoza walimbembeleza. Mwishowe akalegea, ila kwa sharti, na sharti lile alilisema mbele ya watu pale msikitini, sote tukalisikia:

"Siku ya ndoa Hoza aje mwenyewe, gari aliendeshe mwenyewe, afike mlangoni kwangu barabara bila kugusa hata kuku. Akifika hivyo, namwozesha. Akikosea, ageuze arudi kwao, na asinirudie tena."

Hoza alikubali, tena kwa kicheko. Kwake lilikuwa jambo dogo. Angekaza mkono wa kulia, basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoanzia kuharibika, na yaliharibikia penye wema. Ijumaa ile kabla ya harusi, Shehe Mdoe alihutubia juu ya sadaka. Alisema sadaka bora ni ya siri, mkono wa kulia utoe na wa kushoto usijue. Alisema anayekutendea wema kisha akautangaza, huyo amekuuzia. Watu walilia. Semkiwa alilia, Kitojo alilia, na Mbaruku alilia mpaka akafutia machozi kanzu ya jirani.

Hoza wakati huo alikuwa amewekwa ndani na shangazi zake. Desturi yetu mnaijua. Bwana harusi siku zake za mwisho anasuguliwa, ananyolewa, analishwa, na haruhusiwi kugusa hata kijiko, sembuse gari. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa uwanjani karibu na msikiti, mahali pake pa siku zote.

Kesho yake akaja Semkiwa. Huyu ndiye mziba pancha wetu, mwenye pampu. Alikuja alfajiri, watu wakiwa wanatawadha. Akalizunguka gari, akabonyeza matairi, akakuta la mbele kushoto limelegea. Akasema moyoni, kumbe ndiyo sababu linavuta kushoto, tairi halina upepo. Akajaza. Alipolijaza likatosha, akafikiri kwamba hii ni harusi, na harusini mtu hapimi kwa kijiko. Akaongeza, akaongeza tena, mpaka tairi ukiligonga linalia kama ngoma. Hakumwambia mtu. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto usijue. Akaenda zake.

Akaja Kitojo, fundi wa baiskeli na pikipiki. Alikuja adhuhuri, watu wakiwa wanakula. Akaingia chini ya gari, akakuta breki ya mbele kushoto imeshika gurudumu haitaki kuachia. Akasema moyoni, kumbe ndiyo sababu linavuta kushoto, breki imeng'ang'ania. Akailegeza. Alipoilegeza ikatosha, akafikiri kwamba rafiki ni rafiki. Akailegeza zaidi, ikawa upande wa kushoto haukamati hata ukikanyagwa na tembo. Hakumwambia mtu. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto usijue. Akaenda zake.

Akaja Mbaruku, yule wa ngiri. Ujanani alikuwa mtengenezaji wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge, na hadi leo hajaacha kutusimulia. Alikuja alasiri, mvua ikinyesha, uwanja mtupu. Yeye hakutazama tairi wala breki. Alijua gari linavuta kushoto kwa sababu lilimbeba na maumivu yake, na kila lilipovuta kushoto ngiri nayo ilivuta. Akachukua spana, akalala kwenye tope, akageuza vyuma vile vinavyoshika magurudumu ya mbele, akayaelekeza kulia kidogo ili yapambane na ule mvuto. Hakumwambia mtu. Nyie mmeshajua, mkono gani umetoa na mkono gani usijue. Akaenda zake, ana tope mpaka masikioni, mkewe akamuuliza amepatwa na nini, akasema ameteleza.

Siku ya ndoa ikafika. Kutoka pale msikitini mpaka kwa Mzee Singano, kwa kweli, ungeweza kwenda kwa mguu na chai yako mkononi isipoe. Lakini bwana harusi haendi kwa mguu, atasemwa na wajukuu. Hoza akatoka kwenye mikono ya shangazi zake moja kwa moja mpaka kwenye usukani, kanzu imenyooka, kofia mpya, ananukia udi. Nyuma tukapanda sisi, tunaimba. Semkiwa yumo, Kitojo yumo, Mbaruku yumo, kila mmoja ana tabasamu lake la siri, na kila mmoja anamwonea huruma mwenzake kwamba hakumtendea Hoza lolote.

Hoza akatia moto, akakaza mkono wa kulia kama alivyozoea, akaondoka.

Jamani. Tairi linasema kulia, breki inasema kulia, vyuma vinasema kulia, na mkono wa Hoza nao unasema kulia. Gari likaruka kulia. Hoza akashtuka, na mtu akishtuka hafikiri, anafanya alichozoea. Na yeye miaka yote amezoea jambo moja tu, gari likileta ukorofi, vuta kulia. Akavuta kulia kwa nguvu zake zote na lile bega lake nene. Akakanyaga breki, na breki ya kushoto haipo, ikashika ya kulia peke yake.

Upande wa kulia ndipo lilipokuwa jiko la harusi. Wapishi walikimbia na miiko yao. Sufuria la kwanza la pilau lilikwenda, la pili likalifuata. Mzee Singano, ambaye alikuwa pale jikoni akionja chumvi ingawa hakuna aliyemwomba, alirudi kinyumenyume akakaa ndani ya beseni la kachumbari. Gari likasimama juu ya rundo la nazi, limeinua pua. Hakuumia mtu, tunamshukuru Mungu. Na kuku hawakuguswa, hilo lazima tuseme kweli. Kuku walikula pilau mpaka wakalala.

Hakuna aliyecheka. Sasa mnacheka nyinyi, siku ile hakuna aliyecheka. Mzee Singano alinyanyuka, vitunguu vinamdondoka, akatangaza kwamba ndoa hakuna. Alisema sharti lilikuwa wazi na watu walikuwa mashahidi. Ndani ya nyumba tukasikia kilio cha Mwantumu, kilio cha mtu mzima ambaye amengoja sana.

Hoza akateremka. Alikuwa amenyong'onyea. Hakujua gari limeingiliwa na nini, hakumlaumu mtu. Akasema:

"Baba, usukani nilishika mimi. Kosa ni langu."

Akaanza kuvua kofia yake mpya. Hapo Semkiwa akashindwa. Aliruka kutoka nyuma ya gari akasimama mbele ya Singano, akasema kosa si la Hoza, ni lake. Alijaza tairi kupita kiasi, tena kwa siri. Kama angelijaza kiasi cha kutosha tu, au angesema, pilau ingekuwa kwenye sinia saa ile.

Kabla hajamaliza, Kitojo akamsukuma pembeni. Akasema tairi peke yake haliwezi kumkalisha mzee kwenye kachumbari. Gari lingesimama kama breki ingekuwepo, na breki aliiua yeye. Kosa ni lake.

Mbaruku naye akaja, akisema hao wawili ni watoto. Wao angalau walitibu ugonjwa waliouona, wakazidisha dawa tu. Yeye hakutazama chochote, alilipotosha gari kwa makusudi, na aliyefanya bila kutazama ndiye mkosaji kuliko wote. Ikawa sasa wanagombania kosa kama watu wengine wanavyogombania nyama.

Mzee Singano akamgeukia Shehe Mdoe, akamtaka ahukumu. Shehe akashika ndevu. Halafu akasema hawezi kuhukumu, kwa sababu kesi ile inamgusa. Watu watatu walitenda wema kimyakimya kwa kuwa yeye aliwaambia wanyamaze, na hakuwafafanulia kwamba tairi si sadaka. Labda kosa ni lake yeye mhubiri.

Wakati huo pazia likafunuliwa. Mwantumu akatoka nje, hina bado mbichi mikononi. Bibi harusi kutoka mbele ya wanaume kabla ya ndoa! Wanawake wakaziba midomo. Somo wake, yule mama aliyemfunda, alijaribu kumshika kanga, ikambakia mkononi. Mwantumu hakujali, alimtazama baba yake mdogo usoni akasema:

"Dirisha langu linatazama msikitini. Nilimwona Semkiwa, nilimwona Kitojo, nilimwona Mbaruku. Nilijua wamegusa gari wote watatu na Hoza hajui. Nilitaka kumpelekea habari, nikasema siri ya sadaka ya mtu si yangu kuitoa, nikanyamaza. Kwa hiyo baba, kama unamtafuta mkosaji, niko hapa. Na kama mkosaji ni mimi, Hoza unamkatalia nini?"

Mzee Singano akajipangusa kachumbari kanzuni. Nitasema kweli, nilimwonea huruma, maana hata yeye kuna waliomnong'onea pale pale kwamba bila sharti lake la ukorofi Hoza angeweza kwenda hata kwa mguu, wajukuu waseme wakitaka, na tungekuwa tunakula. Akasema basi, hataki kuitwa dhalimu. Lakini hataozesha mtoto wa kaka yake juu ya kosa lisilo na mwenyewe. Atajiwe mkosaji, mmoja tu, na asiambiwe kwamba wamekosa wote, hilo ni jibu la wavivu. Akiwa mwingine yeyote, hata akiwa yeye Singano mwenyewe, ndoa inafungwa sasa hivi kwa chai kavu. Akiwa Hoza, basi kila mtu arudi kwao.

Hapo sasa nawakabidhi nyinyi, maana sisi tulibishana mpaka nazi zikaokotwa. Wapo waliosema Semkiwa, kwa kuwa ndiye aliyeanza. Wapo waliosema Mbaruku, kwa kuwa hakutazama. Wengine wakasema shehe, wengine Singano, na wanawake wengi walisema Mwantumu, kwa kuwa yeye peke yake alijua yote na angeweza kuzuia kwa neno moja. Na mmoja, mzee mkimya aliyekaa nyuma, alisema neno lililotuuma sote. Alisema wote hao waligusa gari au walinyamaza, lakini gari lilipobadilika, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amelishika mkononi, akalisikia limebadilika, na bado akalivuta kule kule alikozoea.

Hoza alisikia neno lile. Akainamisha kichwa, na Mwantumu akamtazama. Mzee Singano anangoja jina.

Je, mtamtajia nani?