Jina Moja Chini ya Kiraka

Hapo zamani, na msinikatize, nasema zamani ya simu mbili zilizopita, palikuwa na karakana moja katika mji wa nyanda za juu kusini. Karakana hiyo ilitengeneza kompyuta ndogo za kuendesha pampu za maji. Ndani ya kila kompyuta palikuwa na kiini, yaani ile programu ya chini kabisa inayoiamuru mashine nzima: wewe fanya hivi, wewe ngoja. Kiini kikikosea, hata uweke programu nzuri namna gani juu yake, umejenga ghorofa kwenye tope.

Mwenye karakana alikuwa Mama Sekela, na sheria yake ilikuwa ngumu. Kila badiliko la kiini, wenyewe wakiliita kiraka, lazima likaguliwe na wengine kabla halijaingia. Mmoja akikataa, haliingii. Wakikubali, chini yake huandikwa "Imekaguliwa na", kisha jina. Jina moja tu.

"Nikiandika matatu," alisema, "kikiharibika kila mtu ataniambia nimuulize mwenzake."

Na jina likishaandikwa halifutiki. Linakaa ndani ya kiini na kwenda na kila pampu, miaka na miaka.

Basi prosesa ya zamani, ule ubongo wa kompyuta, ikaacha kutengenezwa. Ikanunuliwa mpya. Fundi Gwakisa akaandika kiraka cha kukifundisha kiini kuishi na ubongo mpya, nao ulikuwa na vichwa viwili. Kichwa cha kwanza kinapima maji ya tangi, kinaandika kipimo, kinainua bendera, yaani alama ya kwamba kipimo kiko tayari. Cha pili kikiona bendera, kinasoma kipimo na kuamua pampu iwake au izime. Andika kipimo, inua bendera. Andika kipimo, inua bendera. Rahisi kama kumsukuma mlevi!

Wakaguzi walikuwa watatu.

Wa kwanza Mzee Lwitiko. Miaka kumi na mmoja karakanani, na jina lake halijaingia kwenye kiini hata mara moja, kwa sababu kila kiraka alichopangiwa kukagua alikikataa. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. Alisoma kiraka cha Gwakisa mara tisa, akasema, "Hapana."

"Kwa nini, mzee?"

"Sijui. Moyo umekataa."

"Moyo si hoja!"

"Basi andikeni kwamba Lwitiko amekataa."

Wa pili Subilaga. Yeye alikuwa amekisoma kiraka, akasema, "Sawa," tena kwa sauti. Lakini ile hapana ya mzee ikamkereketa. Akachukua kitabu cha prosesa mpya, kurasa elfu moja na mia mbili, ambacho wenzake walikuwa wakikitumia kuzuia mlango usijifunge. Akasoma siku ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma ya tatu. Kwenye ukurasa wa mia nane na kumi na saba akaruka kitini.

"Jamani, hii prosesa haina adabu ya foleni!"

Ya zamani ilitekeleza amri kwa zamu. Hii mpya, ikiona jambo la pili ni jepesi kuliko la kwanza, inalitanguliza. Inaweza kuinua bendera kabla ya kuandika kipimo. Kichwa cha pili kitasoma kipimo cha jana na kudhani tangi ni tupu, kumbe limejaa.

"Niliposema sawa nilikosea," Subilaga akasema. "Panahitajika uzio, amri ya kuiambia prosesa: maliza ya nyuma kwanza ndipo uvuke."

Gwakisa akacheka. "Dada, kitabu kinasema inaweza. Hata mimi ninaweza kuwa mkuu wa mkoa."

Wa tatu Ambakisye. Huyu na Gwakisa walikuwa chanda na pete.

"Nitawaumbua hawa wawili," akasema. Akaiunganisha prosesa mpya na tangi la juu ya paa, akakiendesha kiraka mara elfu. Hakuna kosa. Mara elfu tano. Hakuna kosa. Akaanza kuimba. Mara elfu tisa na mia tatu, saa nne asubuhi, yeye na Gwakisa wamesimama chini ya paa wakigongeana viganja, bendera ikatangulia kipimo. Pampu ikadhani tangi ni tupu. Maji yakafurika yakawashukia, wakalowa chapachapa.

Ambakisye angeweza kusema bomba limepasuka. Hakusema hivyo. Alikwenda kwa Mama Sekela akichuruzika. "Nilitaka kuwaumbua, mama. Nimeumbuka mimi."

Gwakisa akaongeza nyuzio mbili, moja kwa kichwa kinachoandika, moja kwa kinachosoma. Wakajaribu mara elfu hamsini, lisidondoke hata tone. Hata Mzee Lwitiko, kwa mara ya kwanza, akasema, "Sawa." Likabaki jina.

"Bila hapana yangu," mzee akasema, "kiraka kingeingia Jumatatu, na leo kata nzima ingekuwa inaogelea. Mwezi ujao sipo hapa. Ninataka kitu changu kibaki, sifichi."

"Shikamoo yako ipo palepale, mzee," Subilaga akajibu, "lakini mstari ule hauandiki umri. Juzi ulikataa kiraka cha kusahihisha herufi moja! Mimi ndiye niliyesema kosa ni nini na liko wapi."

"Baada ya kusema sawa."

"Baada ya kusema sawa, ndiyo. Nani mwingine hapa amewahi kujikosoa kabla hajalowa?"

Ambakisye akakohoa. "Mlikuwa na maneno tu, nyote wawili. Ushahidi niliuleta mimi. Ningenyamaza, tungekuwa tunabishana mpaka sasa."

"Wewe ulikwenda kutafuta ushindi wa rafiki yako, ukweli ukakumwagikia!" Subilaga akadakia.

"Na mimi je?" Gwakisa akauliza. "Bila kosa langu mngekagua nini?"

Wakamzomea mpaka akakaa.

Nje, lori la kubeba pampu arobaini likapiga honi. Mama Sekela akaandika "Imekaguliwa na", akaacha nafasi, akawatazama mmoja mmoja, vidole juu ya kibodi.

Haya, ninyi mliokwisha kunimalizia karanga zangu, msiniambie waandikwe wote, sheria mmeisikia. Yuko aliyekataa bila kujua sababu. Yuko aliyeijua sababu akiwa ameshakubali. Yuko aliyethibitisha kile alichotaka kukanusha. Je, nani alistahili?