Nyama ya Msibani

Wapendwa, hebu wekeni simu chini kidogo. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefiwa na mume. Nyama ya kulisha waombolezaji ilinunuliwa siku moja kabla ya mazishi, ikalala kwenye ndoo bila barafu. Asubuhi akina mama wa mtaani wakaingia uani kupika, mnawajua wenyewe, kanga kiunoni.

Jirani wa mfiwa, wa ukuta kwa ukuta, akafunua ndoo. Lo! Akasikia harufu. Akawatazama wenzake. Mpishi mkuu anakatakata vitunguu tu.

"Dada, nyama hii..." akaanza.

"Ina nini?"

Wote wakamgeukia. Aibu ikamshika: msibani unanusanusa chakula, kwani uko hotelini? Akasema, "Hamna kitu. Tuongeze tangawizi."

"Ehee, ongeza!" mmoja akadakia. Mwingine akakamua ndimu. Mwingine akatwanga kitunguu saumu, kingi mno. Hakuna aliyeuliza cha nini. Mnaona, jamani? Mikono yote ilishajua, midomo ndiyo iliyogoma.

Watu wakala, wakaumwa matumbo. Wengi wakapona. Binti mdogo wa mfiwa hakupona. Mama aliyemzika mume juzi akamzika na mtoto.

Akina mama wakarudi uani kupikia msiba wa pili. Yule jirani akashindwa kuvumilia, akaangua kilio: "Nilisikia harufu! Mungu anisamehe, nilisikia!"

Mpishi mkuu akaweka kisu chini. "Hata mimi. Nikaona mmenyamaza, nikajua pua yangu ndiyo mbovu."

"Hata mimi," akasema aliyekamua ndimu.

Hata mimi. Hata mimi. Uani kote!

Mnawasikitikia? Na sisi je? Mara ngapi tumenyoosha mkono kikaoni kwa kuwa mikono mingine imenyooshwa? Si kwamba hatujui. Tunaogopa kuwa wa kwanza. Mimi nausoma uso wako, wewe unausoma wangu, na kumbe sote tunadanganyana.

Kila Jumapili nawaambia mgeukie jirani yako, mwambie Amina. Leo sitaki Amina. Mgeukie umuulize: ni jambo gani humu kanisani tunaliona sote na tumelinyamazia? Kisha mngojee ajibu. Na kama jambo lenyewe linanihusu mimi mchungaji wenu, anzeni na hilo.